Soma, Kisha Sema Lako

Wanaojua kwamba nyumbani kwangu kuna vitabu huniuliza maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa sauti ya kawaida: nianze na kitabu gani? La pili huja kwa kunong'ona, mtu akiwa ameshasogeza kiti karibu: kitabu fulani kinasifiwa na kila mtu, mimi nimekisoma na sikukipenda, je, kasoro ni yangu? Nitaanza na hili la pili. Mtu asiyethubutu kusema lake juu ya kitabu, hata ukimkabidhi kabati zima, atasoma kama anayetumikia kifungo.

Hapa kwetu Mlingotini kauli inayotangulia ni "mimi si msomi". Anayeisema mara nyingi ni mama ambaye tangu ujana wake anafunga mwani kwenye kamba, na ukimpa kijitabu cha ushauri wa kilimo hicho atakichambua mpaka kibaki mifupa. Kijitabu kikisema aina ya kottonii ina bei nzuri kuliko ile ya spinosamu, atakubali, maana bei anaijua. Kisha atauliza: huyu aliyeandika aliipanda kwenye maji gani? Kwa sababu kottonii kwenye maji mafupi yanayopata joto hupauka, hulainika na kukatika kabla ya kuvunwa, na spinosamu ya bei ndogo ndiyo inayobaki kambani. Atauliza pia kama mwandishi amewahi kutoka baharini na mwani mbichi kichwani. Huo ni uhakiki kamili. Amechukua neno la kitabu, amelipeleka kwenye jambo analolijua, ameona linapokaa na linapopwaya. Riwaya nayo husomwa vivyo hivyo, ila badala ya bahari unatumia ndoa ulizoziona, misiba uliyokaa na madeni uliyodaiwa.

Kwa hiyo ukimaliza kitabu, usikimbilie kutafuta maana iliyofichwa. Anza na pale ulipokisadiki na pale ulipokikatalia. Ukipaona, weka kidole: ukurasa huu, mtu huyu, tendo hili. Maoni yasiyo na ukurasa ni kelele tu. Yenye ukurasa hata profesa inampasa ayajibu.

Nichukue kitabu ambacho wengi hawathubutu kukigusa, Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha watu elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, kila mmoja akarudi na jambo la manufaa, na kila mmoja akaambulia gereza. Maoni yangu ni haya: mjumbe wa tatu anapoondoka, msomaji ameshajua atakavyopokewa akirudi. Watu wamepewa majina ya tabia zao, kwa hiyo hawana namna ya kukushangaza. Majivuno hatakuwa mpole hata siku moja. Ukikisoma kimya kimya kwa mkupuo, kinachosha. Nasema hivyo bila kuomba radhi kwa mtu.

Lakini hapo sijamaliza. Mwaka 1951 Tanganyika iko chini ya Mwingereza na mwandishi ni mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Asingeweza kuandika kwamba baraza la watawala linawafunga wanaoleta fikra mpya; akaiweka nchi yake angani, huko akasema yote. Na kule kujirudia kuna kazi yake, kwa sababu ni ushahidi wa mahakamani: mshitakiwa anaongeza shahidi juu ya shahidi mpaka hakimu akose pa kupenya. Kisome kwa sauti, mjumbe mmoja kwa usiku mmoja, utaona uchovu umepungua. Maoni yangu yote mawili nabaki nayo, la uchovu na la ujasiri wake. Hakuna anayekulazimisha ukigonge kitabu muhuri mmoja, kizuri au kibaya, halafu uende zako.

Anayetaka kumwingia Shaaban Robert kwa mlango mwepesi zaidi achukue Wasifu wa Siti binti Saad. Ni kitabu chembamba juu ya mtu wa kweli: binti wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu, akaja kuwa mwimbaji wa taarabu, akaimba kwenye santuri Bombay mwaka 1928 na kufariki 1950. Ninalomlaumu mwandishi ni adabu iliyozidi. Kila ninapotaka kumsikia Siti mwenyewe akilalamika au akicheka, namkuta Shaaban amesimama mbele yake ananasihi. Hata hivyo nimeshuhudia kitabu hiki kikisomwa na watu waliokuwa hawajagusa kitabu tangu watoke shule, na hawakukiacha njiani.

Sasa kuhusu muda, maana udhuru wa muda ndio unaotumika kuliko wote. Kwetu muda hupangwa na mwezi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hukupwa mbali na kila mwenye kamba yuko shambani. Katikati kuna maji mafu, bahari haifunuki vya kutosha na kazi za majini hupungua. Siku za maji mafu ndizo za kitabu kirefu. Siku za bamvua soma hadithi fupi, au shairi moja, au usisome kabisa. Nimeona watu wakijiwekea nadhiri ya kurasa ishirini kila siku, na wiki ya kwanza ya bamvua nadhiri inazama, nao wanakata tamaa na kitabu pamoja na nadhiri. Panga kusoma kufuatana na kazi yako ilivyo, si kama kalenda ya ukutani inavyotaka.

Tena si lazima kila mtu ashike kitabu. Wakati wa kufunga mbegu kwenye kamba, kinamama wakiwa wamekaa kivulini na mikono iko kazini, midomo na masikio viko huru. Mmoja asome, wengine wafunge. Hapo ndipo utagundua kwamba vitabu vinatofautiana kwa namna ambayo msomaji wa kimya haioni. Hekaya za Abunuwasi husikilizwa mpaka kamba zinasahaulika. Riwaya yenye watu wengi wenye majina yanayofanana huwachanganya wasikilizaji kabla ya sura ya pili kwisha. Usikilaumu kitabu kwa hilo. Kiweke kwa ajili ya macho.

Nije kwenye kuchanganya, kwa kuwa hapa ndipo nilipo na mengi ya kusema. Watu wengi huchanganya vitabu bila mpango: kimoja cha upelelezi, kimoja cha dini, kimoja alichosahau mgeni. Si vibaya. Lakini ukitaka maoni yako yakomae upesi, tafuta vitabu viwili au vitatu juu ya jambo moja, vilivyoandikwa na watu ambao wasingekaa baraza moja bila kugombana. Sisi wa upande huu wa Bagamoyo jambo lenyewe tunalo mlangoni: misafara ya bara, utumwa, na kuja kwa Wajerumani.

Anza na Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten. Sehemu kubwa ya maneno yake ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, jirani na mji wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili na kufia huko mwaka 1927. Kama unataka kujua harusi iliendaje, mtoto alipewa jina vipi, pepo alipungwaje, jumbe aliheshimiwa namna gani katika mwambao huu kabla babu zetu hawajazaliwa, sijui kitabu kinachokishinda. Mtoro haonyeshi machozi wala majivuno. Anapanga mambo kwa utulivu wa mtu anayeyajua. Lakini msome kwa macho makali anapofika kwa watumwa. Anaeleza jinsi mtumwa alivyovaa, alivyosalimia, kazi alizofanya. Anasimulia akiwa upande wa muungwana. Mtumwa mwenyewe alifikiri nini usiku, kitabu kiko kimya. Na kumbuka pia aliyekuwa akiandikiwa: wanafunzi wa Kijerumani waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Mambo mengine humwelezi hivyo mtu wa kwenu.

Ukishamaliza hapo, soma habari za Mtoro mwenyewe. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata walipotaka kuja kuishi nyumbani, serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka Dar es Salaam. Mwandishi aliyeeleza kwa upole kabisa nani anakaa wapi katika jamii, naye akaonyeshwa pa kukaa. Sisemi kwamba jambo hilo linabadilisha kitabu. Linambadilisha msomaji wake.

Halafu uchukue Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Mbotela ni wa kizazi cha watu waliokombolewa, wa Freretown ya Mombasa, na anasimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakapakiwa jahazini, wakaokolewa na manowari ya Waingereza. Pale Mtoro alipokaa kimya, Mbotela anapiga kelele. Uchungu wake ni wa kweli na hadithi inakwenda mbio. Unaweza kukimaliza kwa mchana mmoja. Ninachokikatalia ni mwanga wake kutoka upande mmoja tu. Mwingereza na mmisionari hawana doa, Mwarabu hana wema, na aliyekombolewa hana neno ila shukrani. Kilichapishwa London, kikasomwa shuleni enzi za Mwingereza, haishangazi. Watu niliowapa wamegawanyika vikali. Wapo wanaosema mtoto wa mtumwa ana haki ya kumshukuru aliyemfungua pingu, na sisi tusio na pingu tusimfundishe namna ya kushukuru. Hoja hiyo ina uzito, nami sina haraka ya kuiangusha.

Cha tatu ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Iliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, na Kiswahili chake cha mwaka 2022 ni cha Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatolewa rehani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake, na baadaye anaingia bara na msafara. Kwangu hiki ndicho bora katika jambo hili, kwa sababu hakuna aliye safi ndani yake: tajiri, mnyapara, mapagazi, mtawala wa bara, Mjerumani, kila mmoja ana mkono wake. Na bado hakuna aliyefanywa shetani. Ninachogombana nacho ni Yusuf. Ni mzuri wa sura na mkimya kiasi kwamba katikati ya kitabu nilitamani kumtikisa. Wanaonipinga wanasema aliyewekwa rehani tangu utotoni atapata wapi sauti. Na uamuzi anaoufanya mwishoni, ambao siutoboi hapa, wanasema ndiyo sauti yake ya kwanza. Kisome, ukae upande unaoutaka. Anayezijua lugha zote mbili bado ninamshauri aanze na Kiswahili. Mazungumzo ya wafanyabiashara yale, yenye dua na matusi pamoja, yamerudi yalikotoka.

Kama utapata na Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah, uongeze. Unasimulia vita vya 1888 na 1889, vile ambavyo Bushiri, aliyeviongoza, aliishia kunyongwa Pangani, Desemba 1889. Umeegemea upande mmoja waziwazi, nami nauheshimu kwa hilo kuliko kitabu cha historia kinachojidai hakina upande. Ila usiusome kwa macho tu. Utenzi wa kurasa nyingi unaosomwa kimya unageuka orodha ya mizani.

Baada ya hapo panda bodaboda uende Bagamoyo mjini. Tazama Karavanserai, kituo cha ile misafara ya bara, nenda misheni ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kujenga kijiji cha watu waliokombolewa, uingie makumbusho yao. Usiende kama mtalii anayesubiri kuelezwa. Nenda na swali ulilotoka nalo kitabuni. Soma maelezo yaliyobandikwa chini ya picha na ujiulize anayezungumza hapo ni Mtoro, Mbotela au Gurnah. Siku moja ya namna hiyo inafundisha kuhakiki kuliko mihadhara mingi.

Mzigo huo ni mzito, najua. Ndiyo maana siwadharau wasomaji wa hadithi za upelelezi, na nawaomba wazazi nao wasizidharau. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, kina Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum. Jamaa wa Sherlock Holmes yule, hafichi. Maiti imeonekana penye mzimu, watu wanasema mzimu umeua, naye Bwana Msa anataka kujua nani alikuwa wapi. Kwa mtu wa huku kitabu hiki kina ladha ya pekee, kwa kuwa Kaole haiko mbali, na kwenye makaburi yale ya nguzo, karibu na msikiti wa karne ya 13, watu bado wanakwenda na ubani. Hapo ndipo maoni yangu yanapoachana na mwandishi. Kumkamata muuaji ni kazi nzuri; kuwacheka wanaoamini mzimu ni kazi rahisi, na Bwana Msa anaifanya kwa raha mno. Nilitamani amkute hata mzee mmoja mwenye imani hiyo na akili ya kujibu hoja.

Wa Bara wana Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha 1965, kisha Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vitabu hivi viliwafanya vijana wa Kitanzania wasome hadi mafuta ya taa yakaisha. Kasoro yao kubwa ni wanawake. Karibu kila mwanamke anayeingia ni mzuri kupita kiasi na ana kazi moja au mbili za kufanya, kushawishi au kufa. Nina zoezi ninalowapa wasichana wanaovipenda: chukua sura moja uiandike upya, msimuliaji awe mwanamke aliyemo. Wengi hurudi na kitu kinachochekesha kuliko kitabu chenyewe. Mmoja wao alimfanya yule mrembo kuwa ndiye mpelelezi, na bwana shujaa akawa mzigo wa kubebwa.

Kwa wanawake wakubwa kitabu ninachokitoa bila kufikiri mara mbili ni Barua Ndefu Kama Hii cha Mariama Bâ wa Senegal. Ramatoulaye yuko eda, mume amekufa, naye anamwandikia shoga yake yote aliyoyameza tangu mume huyo alipooa rafiki wa binti yao. Msomaji wa Ulaya anahitaji maelezo chini ya ukurasa kujua eda ni nini. Wa Mlingotini hahitaji. Nimewasikia wakimjadili yule mke wa pili kana kwamba anakaa kitongoji cha jirani, na waliomtetea hawakuwa wachache: msichana mdogo aliyesukumwa na mama yake mwenye tamaa ya mali, kosa lake nini? Tahadhari moja tu. Usimpelekee kitabu hiki mjane aliyeko eda yeye mwenyewe, isipokuwa amekuomba.

Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha 1971, kina sifa ya kupigwa marufuku shuleni kwa muda, na marufuku ndiyo tangazo bora la kitabu. Sehemu ya nyumbani, baba mlevi Zakaria anayemchunga binti kwa fimbo, ni miongoni mwa kurasa bora za riwaya ya Kiswahili. Baadaye naona mwandishi anamwendesha Rosa mbio kuelekea mwisho alioupanga mapema, mpaka msichana anaacha kuwa mtu na kuwa mfano. Mzazi unayetaka kumficha binti yako kitabu hiki, kisome kwanza wewe. Kimeandikwa kwa ajili ya Zakaria zaidi ya Rosa. Na kwa kuwa mwisho wake ni wa kujitoa uhai, kijana asiachwe nacho peke yake, muulize amekipokeaje.

Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha 1999, kinajisomesha chenyewe, sina la kuongeza ila hili: filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 itazame baada ya kitabu. Yasmin na Denge wa kitabuni utawaumba mwenyewe, na ukishaiona filamu huwezi tena.

Sasa kuna vitabu ambavyo kipimo chetu cha kuanzia na unachokijua kinavigonga na kurudi. Kezilahabi huyo huyo aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile 1991. Ni vyembamba, na wembamba wao ni mtego. Mtu anasema nitamaliza jioni hii, kisha anajikuta hajui nani anazungumza, yuko wapi, wala kama yu hai. Nina maoni gani? Kwamba kuna kurasa zinazotisha kwa uzuri na nyingine ambazo sizielewi hata sasa, na simwamini anayeniambia ameelewa zote. Soma sura moja kwa sauti, uiache, urudi baada ya mwezi. Ikiwa mara ya pili hakuna kilichosogea, kiweke kando, si ugonjwa.

Kingine kinachoshinda kipimo ni cha jirani yake wa Ukerewe, Aniceti Kitereza: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Alikiandika Kikerewe, akakimaliza 1945, hakupata wa kukichapa. Akakitia Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, kikatoka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Ni kirefu na hakina haraka. Myombekere anakwenda kumbembeleza mke wake aliyechukuliwa na wazazi, anaambiwa alete pombe ya ndizi, na kabla hajaileta utakuwa umeelezwa namna ya kuipika hatua kwa hatua. Mpenzi wa Willy Gamba atakitupa. Lakini fundi wa ngalawa niliyempa hakukitupa. Aliniambia hiki ndicho kitabu cha kwanza alichoona kinaheshimu kazi ya mikono, kwa sababu mwandishi haruki kitu. Mtu wa pwani hajui lolote la ndoa za Ukerewe wa zamani, kwa hiyo hana cha kukipimia Kitereza. Hapo acha kupima, kaa kama mgeni. Ukiwa mgeni wa watu hukosoi mapishi siku ya kwanza.

Vya shuleni nitavipitia haraka. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na wenzao wameumizwa na mtihani. Mwanafunzi ameambiwa atafute dhamira, akazitafuta, akapata alama, akakichukia kitabu. Miaka mitano baada ya kidato cha nne rudia kimoja. Takadini hasa: Sekai anayemkimbiza mtoto wake zeruzeru asiuawe ni mama wa kukutoa jasho, na hukumwona wakati ule kwa sababu ulikuwa unahesabu hoja.

Kuhusu kuacha kitabu njiani, watu wanataka kanuni. Mimi huangalia kinachonikera. Kikinikera kwa uvivu wa mwandishi, yaani maneno yaliyookotwa na watu wasio na damu, nakiacha hata kwenye ukurasa wa kumi. Kikinikera kwa sababu kinasema nisilotaka kusikia, naendelea mpaka mwisho, kisha ndipo nikitukane vizuri.

Na nianze na kipi? Inategemea unakaa na nani. Mwenye wasikilizaji aanze na Siti au Bwana Msa. Anayesoma peke yake na ana subira, Peponi. Mwenye kijana asiyetulia, Kufa na Kupona cha Musiba, pamoja na lile zoezi. Vipya utavipata kwenye maduka ya vitabu ya Dar es Salaam, na Mkuki na Nyota wamechapa vingi vya aina hii. Vilivyokwisha madukani huokotwa kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao chini katikati ya jiji, pale ambapo nakala ya Mbotela inaweza kulala chini ya vitabu vya uhasibu. Maktaba Kuu iliyofunguliwa Desemba 1967 nayo ipo. Jiandikishe, usiogope ngazi.

Vikishafika nyumbani, adui wa kwanza ni hewa yetu ya chumvi. Usivifungie kwenye mfuko wa nailoni, vitaota ukungu; vipange wima, mbali na ukuta wa nje, uvipepee jua likiwa limepungua makali. Wapo wanaotia majani makavu ya mwarobaini kuzuia wadudu. Mchwa hana heshima kwa Nobel, kwa hiyo rafu isiguse sakafu.

Kuazimishana kuna sharti moja kwangu. Kitabu kirudi na kipande cha karatasi ndani: ukurasa uliokubali, ukurasa uliokataa, na sababu. Jina si lazima. Anayefuata ataikuta karatasi hiyo, ataongeza yake, na baada ya wasomaji watano au sita kitabu kitakuwa na ugomvi wake wenyewe ndani ya jalada. Uhuru wa Watumwa changu sasa hakifungi vizuri. Andika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu husambaa masika yakianza.